RISASI NYEMBAMBA NA MNYAMA MNENE

Katika kambi za askari na vituo vya polisi liko swali moja lisilochoka kuulizwa jioni, kazi zikisha: Je, risasi nyembamba yaweza kumwangusha mnyama mnene? Mmoja hushikilia kwamba haiwezekani, kwa kuwa mnyama mkubwa hutaka bunduki kubwa. Wa pili hujibu kwamba risasi ni risasi, na kwamba hata ndovu amekwisha kuuawa kwa risasi isiyozidi unene wa kalamu ya kuandikia. Ajabu ni kwamba wote wawili wana ushahidi, na ushahidi wenyewe umetoka katika nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki.

Swali hili si la kupitishia wakati tu. Mnyama aliyepigwa vibaya hakimbii na maumivu yake peke yake. Akiwa swala, atakufa kichakani baada ya siku mbili au tatu, na nyama yake italiwa na fisi. Akiwa nyati au simba, atajificha na kumngojea anayemfuata. Na anayemfuata, aghalabu, si yule aliyempiga. Ni mlinzi wa wanyama aliyetumwa kumaliza kazi ya mwingine, au ni mama aliyekwenda kuchanja kuni alfajiri bila kujua kwamba jana jioni bunduki ililia upande ule. Kwa hiyo yafaa jambo hili lielezwe sawasawa, kwa anayebeba bunduki na kwa jamaa yake aliye nyumbani.

SEHEMU ZA RISASI

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni mwa ganda, baruti iliyo ndani yake, na kichwa, yaani kile kipande kinachotoka mtutuni na kwenda kupiga. Watu wengi huzijua risasi kwa kipenyo cha kichwa chake tu. Husema “hii ni ya milimita 7”, wakadhani wamekwisha kusema yote. Kumbe kipenyo ni mwanzo tu wa habari. Yapo mengine matatu ya kuuliza: kichwa kina uzito gani, kinakwenda kwa kasi gani, na kimeundwaje?

Uzito na kasi vikichanganywa huzaa nguvu, na nguvu hiyo hupimwa kwa juli. Risasi ndogo ya .22, ambayo vijana hujifunzia shabaha, ina kichwa cha gramu 2.6 na nguvu isiyofika juli 200. Risasi ya milimita 5.56 ya bunduki za kisasa za kivita, katika aina yake ya zamani, ina kichwa cha gramu 3.6 kinachotoka kwa kasi ya mita 990 hivi kwa sekunde, nayo hutoa juli 1,750 hivi. Risasi fupi ya milimita 7.62 ya bunduki aina ya AK ina kichwa cha gramu 8, kasi ya mita 715, na nguvu ya juli zipatazo 2,000. Risasi ya .303, aliyoibeba askari wa K.A.R. enzi za ukoloni, ina kichwa cha gramu 11.3 na hufikisha juli 3,100. Na risasi ya .375, iliyotolewa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912 kwa ajili ya wanyama wakubwa, hutupa kichwa cha gramu 19.4 kwa nguvu ipatayo juli 5,700.

Hesabu hizo ni muhimu, lakini hazimalizi neno. Tazama mambo mawili yaliyotokea hapa kwetu karne moja iliyopita na ushei. Yalihusu bunduki mbili zilizokaribiana mno kwa kipenyo, na matokeo yake yalikuwa mbali kama mbingu na ardhi.

BELL WA KARAMOJA

Mwanzoni mwa miaka ya 1900 alifika Karamoja, kaskazini-mashariki ya Uganda, kijana wa Kiskoti aitwaye Walter Bell, aliyezaliwa mwaka 1880. Biashara yake ilikuwa pembe za ndovu. Alikaa huko kwa misimu mingi hata wazungu wenzake wakampa jina la “Karamojo”. Kwa hesabu yake mwenyewe, katika maisha yake ya uwindaji aliua ndovu zaidi ya 1,000, na walio wengi aliwaua kwa bunduki ya milimita 7 aina ya Mauser iliyotolewa na kampuni ya Rigby ya London.

Risasi ya bunduki hiyo ilikuwa na kichwa cha gramu 11.2, kilichotoka kwa kasi ya mita 700 hivi kwa sekunde. Nguvu yake haikufika juli 2,800. Ndovu dume hufikia tani tano na zaidi. Wawindaji wengine wa zama zile walibeba bunduki nene na nzito zilizompiga mpigaji begani kama teke la punda, nao walimwona Bell kuwa anacheza na roho yake.

Siri yake haikuwa uganga. Kwanza, alilichunguza fuvu la ndovu. Alilikata kwa msumeno ili aone ubongo uko wapi hasa, maana paji la uso la ndovu ni mfupa mnene wenye matundu mengi kama sega la nyuki, na ubongo umekaa chini na nyuma, katikati ya masikio. Asiyejua hivyo hupiga paji la uso, risasi ikapotea katika sega lile, na ndovu akaja juu yake. Pili, alichagua kichwa cha risasi kilichovikwa gamba gumu pande zote, chenye ncha ya mviringo, kirefu na kizito kwa unene wake. Kichwa cha namna hiyo hakifunuki wala hakiyumbi, bali hushika njia iliyonyoka mpaka mwisho.

Mfano wake ni msumari. Chukua msumari mrefu mwembamba na mwingine mfupi mnene, uvipige ubaoni kwa nyundo ile ile na kwa nguvu ile ile. Ule mwembamba utazama, na ule mnene utabaki nje. Bell hakutegemea jeraha pana. Alitegemea njia ndefu iliyonyoka, inayofika ubongoni.

Tatu, alisubiri. Alimkaribia mnyama, akangoja mpaka ageuke kwa namna inayofaa, na asipogeuka akamwacha. Bunduki yake nyepesi haikumtia hofu ya kupigwa bega, kwa hiyo mkono wake haukutetemeka. Tusisahau kwamba mtu huyu aliishi kwa kufyatua bunduki miaka na miaka, na hata alipokuwa hana mnyama mbele yake alikuwa akifanya mazoezi ya shabaha.

Hatumtaji Bell ili asifiwe kwa idadi ya ndovu aliowamaliza. Biashara ile ilikwisha, na ilistahili kwisha. Twamtaja kwa sababu mfano wake ndio unaotajwa kila mara na watu wanaotaka kuhalalisha risasi ndogo, na wanaoutaja husahau nusu ya habari.

SIMBA WA MWAKA 1911

Nusu ya pili ya habari ilitokea mapema mwaka 1911, katika nyika zilizo kusini-mashariki ya Nairobi. George Grey alikuwa ndugu wa Sir Edward Grey, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza wakati ule. Hakuwa mgeni wa Afrika. Alikuwa amepata kuongoza msafara wa kutafuta shaba katika nchi za Katanga na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Alikuwa mpanda farasi hodari na mtu asiyeogopa.

Siku ile yeye na wenzake walikuwa wakiwafuata simba kwa farasi. Grey alikuwa na bunduki mpya iliyosifiwa mno zama zile, aina ya Ross ya .280, ambayo kipenyo cha kichwa chake kilizidi kidogo tu milimita 7. Ilisifiwa kwa sababu ya kasi yake: zaidi ya mita 850 kwa sekunde, kasi ambayo wawindaji wengi walikuwa hawajapata kuiona. Kwa hesabu ya juli ilizidi mbali bunduki ya Bell. Simba mmoja aligeuka akamjia. Grey akashuka, akapiga, na risasi zake zikampata simba, lakini hazikumsimamisha. Simba akamwangusha na kumrarua kabla wenzake hawajamwua. Grey alifariki dunia siku chache baadaye mjini Nairobi.

Kwa nini? Kichwa cha risasi yake kilikuwa chepesi, na kiliundwa kifunuke haraka. Kwa kasi ile, na kwa umbali mfupi ule, kilipasuka mara kilipogusa nyama ngumu ya bega. Kilifanya jeraha baya juu juu, lakini hakikufika mahali uhai ulipo. Kichwa hicho hicho kingemfaa paa aliye mbali ng’ambo ya bonde. Kwa simba anayekuja mbio, hatua chache kutoka mtutuni, kilikuwa hakifai.

Basi hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Bunduki mbili, kipenyo karibu sawa. Yenye nguvu ndogo ilimwangusha ndovu, na yenye nguvu kubwa ilishindwa na simba. Kilichozitofautisha hakikuwa kipenyo wala juli, bali ni namna kichwa kilivyoundwa, na mahali kilipopelekwa.

SHERIA YA VITA NA SHERIA YA MAWINDO

Askari anayesoma makala hii amezoea risasi za aina moja: zile zilizovikwa gamba gumu kuanzia ncha. Huenda hakupata kuambiwa sababu yake. Mwaka 1899 mataifa yalikutana katika mji wa Hague, Uholanzi, yakatoa tamko la kukataza vitani vichwa vya risasi vinavyofunuka au kutandazika kirahisi mwilini mwa binadamu. Vichwa hivyo vilijulikana kwa jina la Dum Dum, kutokana na kiwanda cha silaha kilichokuwa mahali paitwapo hivyo karibu na Calcutta, Bara Hindi. Nia ya tamko ilikuwa ya utu: askari akishapigwa na kutolewa vitani, inatosha. Asiongezewe mateso, bali afikishwe kwa daktari.

Sasa tazama upande wa pili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 inayohusu uwindaji wa kulungu inaagiza kinyume chake kabisa: kichwa cha risasi ya bunduki lazima kiwe chenye ncha laini au ncha yenye tundu, yaani kinachofunuka. Na sheria hiyo nayo nia yake ni ya huruma. Mnyama aliyejeruhiwa hana daktari wala machela. Huruma pekee anayoweza kutendewa na mwindaji ni kufa upesi. Risasi ngumu na nyembamba ikimpita swala mapafuni bila kufunuka, huacha tundu dogo, damu hutoka kidogo, na mnyama huweza kukimbia mbali sana kabla ya kuanguka.

Hivyo risasi ile ile iliyo halali vitani ni haramu kwa kulungu wa Uingereza, na iliyo halali kwa kulungu ni haramu vitani. Wala hakuna ukinzani hapo. Kila moja imeundwa kwa kazi yake. Ndiyo maana askari asidhani kwamba risasi iliyomo katika bohari ya kikosi ni ya kuwindia. Haikuundwa kwa mnyama. Zaidi ya hayo, vichwa vya kivita vyenye ncha kali huwa vizito upande wa nyuma, navyo vikiingia mwilini huelekea kupinduka. Kikipinduka, njia yake hupinda, na mpigaji hajui kitatokea wapi. Kichwa cha milimita 5.56 huweza hata kuvunjika vipande. Kichwa cha Bell kilikuwa na gamba gumu vilevile, lakini kilikuwa kirefu na chenye ncha ya mviringo, na tofauti hiyo ndiyo iliyokifanya kinyoke.

MAFUNZO KUTOKA NCHI ZA BARIDI

Katika misitu ya Sweden na Norway yuko mnyama aitwaye elki, wa jamii ya kulungu, mwenye pembe pana kama sinia. Dume lake huweza kufikia uzito wa kilo 500, karibu sawa na pofu wetu. Watu wa huko wamemwinda kwa vizazi kwa bunduki ya milimita 6.5, ambayo majeshi ya nchi hizo mbili yaliichagua mwaka 1894. Kipenyo hicho ni chembamba kuliko cha AK. Hata hivyo kichwa chake ni kirefu, gramu 9 hata 10, na cha kuwindia hufunuka taratibu.

Serikali ya Sweden haikuacha jambo hili kwa mazoea. Kwa wanyama wakubwa inataka kichwa kisichopungua gramu 9 chenye nguvu ya juli 2,700 kikifika umbali wa mita 100. Lakini kikiwa na gramu 10 au zaidi, juli 2,000 zinatosha. Msomaji aone hekima iliyomo: sheria yenyewe inakiri kwamba uzito hufidia upungufu wa nguvu. Na nguvu hupimwa pale mnyama aliposimama, wala si mtutuni, maana risasi hupoteza kasi njiani kama jiwe lililotupwa.

Huko Amerika ya Kaskazini nako liko tukio linalofundisha. Mwaka 1946 mwindaji aitwaye John Nosler alimpiga elki katika jimbo la British Columbia, Kanada, kwa bunduki yenye nguvu nyingi. Mnyama alikuwa amejipaka matope yaliyokaukia mwilini. Vichwa vya risasi vikapasuka juu ya ngozi ile, wala havikuingia ndani. Nosler alirudi nyumbani akaunda kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele hufunuka, na nusu ya nyuma hubaki nzima na kuendelea kuzama. Mwaka 1948 alianza kukiuza, na hadi leo kingali kikitengenezwa. Tatizo lililomkuta ni lile lile lililomwua Grey miaka 35 nyuma yake. Tofauti ni kwamba Nosler alikutana na mnyama asiyerudisha kisasi.

MNYAMA GANI, RISASI GANI

Kwa mwenye kibali halali cha kuwinda, au mlinzi wa wanyama aliyepewa kazi hiyo, mambo yanaweza kupangwa hivi.

Risasi ya .22 ndogo ni ya kanga na sungura. Kumpigia swala ni ukatili, hata kama mtu atadai kwamba amewahi kumpata mmoja.

Kwa paa na swala wadogo, vipenyo vya milimita 5.6 hadi 6 vyaweza kufaa, iwapo kichwa kinafunuka na mpigaji yuko karibu. Hata hapo sheria ya Uingereza ni kali: kipenyo cha .22 chenye nguvu ya kutosha kimeruhusiwa kwa aina mbili tu za kulungu, wale walio wadogo kabisa. Kwa wengine wote kipenyo kisipungue.240, yaani milimita 6.1.

Kwa wanyama wa kati kama kongoni, kuro na ngiri, milimita 6.5 au 7 zenye kichwa cha gramu 9 hadi 11 chenye ncha laini hufanya kazi njema. Mahali pa kupiga ni nyuma kidogo ya bega, theluthi moja kutoka chini ya kifua, mnyama akiwa amesimama ubavu. Hapo pana moyo na mapafu. Asipigwe akiwa amegeuza mgongo, kwa kuwa risasi nyembamba italazimika kupita tumboni kwanza, na nyama yote itachafuka kabla ya mnyama kufa.

Kwa pofu, ambaye dume lake laweza kupita kilo 600, milimita 7 ni mpaka wa chini. Hapo kichwa lazima kiwe kizito na kiundwe kama kile cha Nosler, kifunuke mbele na kibaki kizima nyuma.

Kwa nyati, kiboko, simba na ndovu, risasi ndogo haifai. Mfano wa Bell haumwombei msamaha mtu yeyote. Bell alichagua mnyama, akachagua saa, akachagua upande. Mlinzi aliyeitwa kijijini kwa sababu nyati amevunja ua la watu hachagui chochote kati ya hayo. Atakutana naye majanini, hatua kumi mbele yake, akiwa amekasirika. Ndiyo maana nchi zinazoruhusu uwindaji huu zimeweka kipimo. Zimbabwe, kwa mfano, hutaka kwa ndovu, nyati na kiboko kipenyo kisichopungua milimita 9.2 na nguvu ya juli 5,300. Bunduki nene haimfanyi mtu kuwa na shabaha, lakini humpa nafasi nyembamba ya kuokoka shabaha ikipungua.

Jambo moja zaidi kwa wenye kutunza silaha. Risasi zinazoitwa “7.62” si za namna moja. Ile fupi ya AK ina ganda la milimita 39, na ile ndefu ya bunduki za nchi za NATO ina ganda la milimita 51. Vichwa vyake hukaribiana kwa unene, lakini moja haichukui nafasi ya nyingine. Risasi isiyo ya bunduki yake isilazimishwe kuingia. Soma maandishi ya kitakoni mwa ganda, na usipoyaelewa mwulize fundi wa silaha.

RISASI IKIFIKA JIKONI

Hapa tunawageukia akina mama na wote wanaopika, maana uchaguzi wa risasi haukomei porini.

Vichwa vingi vya kuwindia vimejazwa madini ya risasi, ambayo ni laini na yenye sumu. Kichwa kikifunuka, hasa kikiwa na kasi kubwa, hutawanya chembe ndogo mno ndani ya nyama, mbali kuliko tundu lionekanavyo. Chembe hizo hazionekani kwa macho, na ulimi hauzisikii. Mwaka 2008 watumishi wa afya wa Marekani walipima damu ya watu 738 katika jimbo la North Dakota, wakaona kwamba waliokula nyama ya mawindo walikuwa na madini ya risasi mengi kidogo katika damu kuliko wasioila. Kwa mtu mzima kiasi kile kilikuwa kidogo. Kwa mtoto mchanga na mama mjamzito, waganga hawajaona kiasi chochote cha madini haya kilicho salama, kwa sababu hudhuru ubongo unaokua.

Kwa hiyo nyama ya mawindo halali ikiletwa nyumbani, kata na kutupa nyama yote iliyovilia damu kuzunguka jeraha, na uongeze upana wa kiganja kila upande. Usiwape mbwa vipande hivyo. Usiloweke nyama iliyo karibu na jeraha katika ndimu au siki, kwa kuwa uchachu huyayusha madini ya risasi na kuyaeneza katika mchuzi. Wala usiisage nyama ya sehemu hizo, maana kinu cha kusagia husambaza chembe katika nyama yote.

Viwanda navyo vimetafuta dawa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 vimekuwa vikiuzwa vichwa vilivyotengenezwa kwa shaba tupu, ambavyo hufunuka kama ua bila kupasuka vipande. Jimbo la California limekataza risasi zenye madini haya katika uwindaji wote tangu Julai 1, 2019, hasa kwa ajili ya tai wakubwa waliokuwa wakifa kwa kula mizoga iliyoachwa na wawindaji. Kwa risasi ndogo shaba ina faida ya pili: kwa kuwa haipotezi uzito wake mwilini, kichwa chembamba huzama mbali zaidi.

Na risasi zenyewe zikiwa nyumbani, zifungiwe mbali na bunduki, na funguo zisikae mahali ambapo mtoto aweza kuzifikia. Mtoto hajui milimita wala juli. Ajua tu kwamba kitu hicho kinang’aa.

BUNDUKI NA DHAMANA

Haya yote hayampi mtu ruhusa ya kuingia porini na bunduki. Kenya ilikataza uwindaji mwaka 1977. Tanzania huuruhusu kwa leseni. Hapa Uganda, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inamtaka kila anayewinda awe na kibali, na adhabu ya kuua wanyama walio katika hatari ya kutoweka yaweza kufika kifungo cha maisha. Mwenye shamba lililoharibiwa na wanyama apeleke habari kwa walinzi wa wanyama, wala asiombe bunduki ya jirani aliye askari.

Twayasema haya kwa sababu yaliyopita bado hayajasahauliwa. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi yetu ilipokuwa katika misukosuko, bunduki za kivita ziliingia mbugani. Zilikuwa bunduki za risasi ndogo zenye kupiga mfululizo, na watu waliozishika hawakuchunguza fuvu wala kungoja mnyama ageuke. Walimimina tu. Kufikia mwaka 1983 kifaru alikuwa ametoweka porini katika Uganda nzima. Ilibidi waletwe wengine kutoka nje, wakatunzwa Ziwa, Nakasongola, tangu mwaka 2005, ili watoto wetu wapate kumjua mnyama ambaye babu zao walimwona bila kiingilio.

Risasi nyembamba, basi, yaweza kumwangusha mnyama mnene. Iliweza jana na itaweza kesho. Lakini ina masharti kuliko nene: kichwa kilichoundwa kwa mnyama yule, mkono uliofundishwa, umbali mfupi, na moyo unaokubali kushusha bunduki pale mnyama anapokuwa amesimama vibaya. Mwenye kukosa sharti moja na achukue bunduki kubwa zaidi, au akae nyumbani. Risasi ikishatoka mtutuni hairudi kuulizwa. Atakayeulizwa ni yule aliyeichagua.